Kikombe Alichokuja Nacho Fundi

Siku nilipowaeleza Fundi na mkewe jinsi tiba yao itakavyofanyika, nilimwangalia zaidi mke. Ilikuwa rahisi. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na alikuja na daftari la mistari lenye maswali kumi na manne aliyoyapa namba. Mumewe alikuwa fundi wa friji. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake nafasi. Alikuwa wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono mikubwa yenye makovu madogo ya kuungua, na kila nilipotamka neno "mbegu" macho yake yalipanda kwenye feni ya dari.

Mimi nami nilikuwa naitazama karatasi. Kuwaeleza wenzi haikuwa kazi yangu. Yangu ilikuwa maabara, mlango ukiwa umefungwa, na vitu visivyojibu. Lakini mshauri wetu alikuwa likizo ya ugonjwa, na mkuu wa maabara, tunayemwita Mzee Sindano, alinisukumia mimi. "Umesoma chuo," alisema. "Na wewe ndiye utakayeyashika mayai yao. Waeleze."

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu wiki yangu ya kwanza pale kliniki ameniita Redio kwa sababu sisemi. "Redio huyo atoe mawaidha? Wataondoka na mchoro tu."

Kweli nilianza na mchoro. Nilichora duara kubwa, na pembeni yake kitu kidogo chenye mkia.

"Kwa kawaida mbegu za kiume husafiri zenyewe kwa mamilioni," nilisema, "na moja huingia kwenye yai. Kwenu safari hiyo imegoma. Kwa hiyo tutayatoa mayai, tutayaleta maabara, kisha tutachukua mbegu kwa sindano ya kioo iliyo nyembamba kuliko unywele, na kuiingiza ndani ya yai."

"Sindano hiyo nachomwa mimi?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana, dada. Linachomwa yai. Wewe utakuwa umelala chumba cha pili."

"Yai haliumii?"

Mumewe alicheka puani. "Mwalimu, na yai nalo utalisumbua kwa maswali?"

"Nitalisumbua. Si wewe hutaki kuuliza?"

Aliuliza yote kumi na manne. Nilimweleza kwamba atajidunga sindano za homoni tumboni kila siku ili mayai mengi yakue kwa pamoja, kwamba si yote yatakayotolewa yatakuwa yamekomaa, kwamba kati ya yatakayodungwa mengine hayatatunga na mengine yatatunga kisha yasimame siku ya tatu. Hata lile litakalofika mwisho na kurudishwa tumboni huenda lisishike. Aliandika kila neno na kupiga mstari chini ya "huenda."

Walipokuwa wanasimama, Fundi akaniinamia kidogo. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada. Zangu zinatosha?"

Majibu yake ya vipimo vitatu yalikuwa mbele yangu, na yote nilikuwa nimeyafanya mimi. Katika kile cha mwisho nilipita kioo kizima, kona mpaka kona, nikahesabu mbegu kumi na moja zinazotembea. Wanaume wengine huwa nazo mamilioni. Lakini jibu la swali lake nililijua, na lilikuwa sentensi moja: kila yai linahitaji mbegu moja tu, ukiwa na mayai saba tunatafuta mbegu saba. Sikulitoa. Mwanamume wa umri wa mjomba wangu alikuwa ananitazama usoni kwa mara ya kwanza, masikio yangu yakapata moto.

"Tutaangalia siku hiyo," nilisema, nikafunga faili.

Alitikisa kichwa polepole. "Friji ikiwa na gesi kidogo haigandishi, hata uiwashe mwaka mzima," alisema, kama anatania. "Umeme unakwenda bure."

Nilitabasamu tu. Naujutia utani ule niliouacha upite kuliko hata jibu lenyewe.

*

Fundi aliruhusiwa kuleta sampuli kutoka nyumbani. Kliniki ina chumba kidogo cha kazi hiyo, chenye kochi la plastiki na mlango mwembamba, na nje ya mlango watu hupita wakiulizia choo. Mara mbili alitoka humo na kikombe kikavu, uso ukiwa umemvimba kwa aibu. Kwa kuwa walikaa karibu, Dokta alikubali alete, mradi isizidi saa moja. Nesi akampa masharti: asiiweke kwenye baridi, aibebe ndani ya shati karibu na ngozi, aandike saa.

"Usije ukaitia kwenye friji," alimwambia.

"Mimi na friji tunafahamiana, shangazi."

"Ndiyo maana nakukumbusha."

Mwalimu alijidunga siku kumi na moja. Siku ya kutoa mayai Fundi alimleta mapema, akarudi nyumbani, na saa mbili na dakika kumi akapitisha kikombe kwenye dirisha la mapokezi. Jina lake, jina la mkewe, saa. Kila kitu kilikuwa sawa. Saa tatu Dokta aliyatoa mayai. Nilikuwa upande wa pili wa kidirisha nikipokea tyubu zenye majimaji ya vuguvugu, na Mzee Sindano akiwa ameinama kwenye hadubini anahesabu kwa sauti ya mtu anayegawa karata. "Moja. Mawili. Hilo la tatu, karibu mama." Yalifika tisa. Tukayaweka kwenye kabati la joto yatulie, nikachukua kikombe cha Fundi.

Maabara kwetu hakuna anayehamisha kitu peke yake. Anayefanya kazi husoma jina na namba kwa sauti. Wa pili hutazama kibandiko kwa macho yake, husema "nimeona," na kutia saini. Hata kama ni kutoka kikombe kwenda kwenye tyubu iliyo jirani yake. Ni utaratibu unaochosha, na siku nyingine tunausema kama watoto wanaosoma jedwali la kuzidisha. Lakini ndio unaotuwezesha kulala.

Kabla ya kuhamisha, huwa naweka tone moja chini ya hadubini. Niliweka, nikainama.

Kioo kilikuwa kinachemka. Mbegu zilikuwa zinapishana kama kumbikumbi waliotoka baada ya mvua, hakuna nafasi ya kuweka jicho. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimeshika kikombe cha mtu mwingine. Nikakiangalia. Asubuhi ile kulikuwa na wenzi hao tu. Kikombe kilikuwa kimoja.

Mzee Sindano aliona nimeganda, akaja kutazama.

"Alaa!" Alicheka. "Vitamini za Dokta hizo. Leo Fundi kaamka na jeshi. Haya binti, kazi imekuwa nyepesi, nasoma jina." Akalisoma. Akaisoma namba. Akanisubiri niseme nimeona.

Sikusema.

"Redio. Betri zimekwisha?"

"Mzee, hizi si zake."

"Jina ni lake."

"Jina ni lake. Hizi si zake."

Nikamtolea vipimo vitatu vya nyuma. Vitamini za miezi mitatu zingeweza kuzipandisha kidogo, labda zikawa mia, labda zaidi. Zisingezifikisha hapa. Na za Fundi nyingi zilikuwa na vichwa vidogo vya mviringo kama vya pini, mikia imepinda. Hizi zilikuwa kama za kwenye kitabu. Mzee Sindano alitazama tena, mara hii kwa muda mrefu, kisha akavuta kigoda na kukaa.

"Unajua unachotaka kumwambia mwanamume?"

"Najua."

"Ukikosea?"

"Nitamwomba radhi."

"Na usipokosea, mkewe yuko kitandani pale, bado ana usingizi." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa. "Nitamjulisha Dokta. Lakini Fundi aulizwe kwanza, na si na mimi. Mimi nikimuuliza, mwanamume kwa mwanamume, atanidanganya na nitakubali. Nenda wewe."

Nilijua anachomaanisha. Tukinyamaza, mbegu zile zingeingia kwenye mayai ya Mwalimu kabla ya saa tisa mchana, kwa sindano tuliyoishika sisi, na kusingekuwa na karatasi hata moja yenye kosa.

*

Fundi alikuwa kwenye benchi la nje ya mapokezi, anakunjua na kukunja stakabadhi ya dawa. Nilimwomba tuingie chumba cha ushauri. Nilifunga mlango, nikakaa, nikakosa pa kuanzia. Akafikiri mkewe amepatwa na jambo.

"Yuko salama," nilisema haraka. "Mayai ni tisa. Kaka... kile kikombe ni chako?"

"Sikuandika jina?"

"Uliandika."

"Basi."

Kwa desturi yangu ningeishia hapo. Safari hii niliendelea.

"Kaka, nimezihesabu zako mara tatu. Mara ya mwisho zilikuwa kumi na moja. Za leo hazihesabiki."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliyatazama tu yale makovu ya mikononi, moja baada ya jingine, kama anayetafuta lipi ni la lini.

"Ni za mdogo wangu," alisema. "Tumbo moja, baba mmoja. Ana watoto wanne, dada. Mtoto angefanana na sisi tu. Nani angejua?"

"Mwalimu anajua?"

"Mwalimu hajui."

Nje mtu aliuliza choo kiko wapi, nesi akamwelekeza. Fundi alingoja nyayo zipite.

"Nilikuuliza," alisema. "Pale pale ulipokaa. Ukaniambia mtaangalia. Mimi mteja akiniletea friji, nikiona kompresa imekufa na sitaki kumvunja moyo, namwambia tutaangalia. Nikajua basi, umeniambia kwa adabu. Sasa nifanyeje? Nimwache ajidunge tumbo lote mabaka, halafu mseme zimekosekana? Ana miaka thelathini na nane. Mama yangu haji sana kwetu, akija anauliza 'hapa kuna kelele gani?' na nyumba iko kimya."

Nilimsikiliza huku nikijiona mimi, siku ile, nikifunga faili.

"Nilikujibu vibaya," nilisema. Nilimtazama usoni. "Niliona haya nikakujibu vibaya. Sikiliza sasa, kaka. Kwenye tiba hii mbegu hazisafiri. Hazishindani. Wingi ni wa safari, na safari tumeifuta. Mimi natafuta moja iliyo hai, naishika kwa sindano, naipeleka mpaka ndani ya yai. Yai moja, mbegu moja. Tiba hii ilibuniwa kwa ajili ya wanaume wenye kumi na moja. Mwenye mamilioni mara nyingi hata haihitaji."

Aliinua macho kutoka mikononi.

"Kumi na moja zinatosha?"

"Tukizipata zote, zitabaki."

Akafunika uso kwa ile mikono mikubwa. Mabega yalitikisika mara moja, mbili, halafu yakatulia. Alipotoa mikono alikuwa tayari amepata la kufanya, kama mafundi walivyo.

"Basi nipe kikombe kingine. Sasa hivi. Nakupa zangu, mfanye, yaishe. Kile cha kwanza mwaga."

"Kitamwagwa. Lakini Mwalimu lazima ajue."

"Ajue nini? Hakuna kilichotokea!" Alishusha sauti. "Dada, nakuomba. Akijua leo, atavaa nguo zake na kuondoka. Mayai yataharibika. Siku kumi na moja zote hizo. Utakuwa wewe umemnyima mtoto, si mimi."

Nakiri kwamba nilitaka kukubali. Kila kitu kingerudi mahali pake, na mimi ningerudi kwenye chumba changu kisichojibu. Lakini nilikuwa nimemwona mkewe akipiga mstari chini ya neno moja ili asidanganyike.

"Mayai ni ya kwake," nilisema. "Asubuhi hii yamekaribia kutiwa kitu asichokijua. Haiwezekani sisi wote tujue, yeye peke yake asijue. Na mdogo wako anajua. Anatunza siri?"

Fundi alifikiri. "Ana mke," alisema.

Hatukucheka, wala yeye hakusema ili tucheke. Alisimama, akajinyoosha shati.

"Nitamwambia mwenyewe. Ila usiondoke."

*

Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, shuka mpaka kiunoni, pamba imebandikwa mkononi palipokuwa na sindano. Nesi alikuwa amempa chai na biskuti mbili. Alituona akainua kikombe.

"Tisa! Nesi kaniambia. Mwanafunzi wangu akipata tisa juu ya kumi namnunulia kalamu. Wewe umeniletea nini?"

Fundi alibaki amesimama. Alimwambia. Hakuzungusha. Alianza na mdogo wake, akamaliza na kikombe, akaongeza kwamba hakuna kilichotiwa bado. Nilisimama karibu na pazia, natamani niwe pazia.

Mwalimu aliweka chai chini. Akachukua biskuti, akaivunja katikati, akaviweka vile vipande viwili kwenye sahani vikiwa vimelingana.

"Shemeji yangu," alisema.

"Mwalimu..."

"Nyamaza. Shemeji yangu. Anayekuja kwangu kila Jumapili, namtengea chakula. Ningekuwa na tumbo hili mbele yake, namtengea chakula, na ninyi wawili mnatazamana. Mtoto akianza kutembea, mnatazamana. Mimi nabishana na mama yako kwamba kachukua pua ya kwetu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Nafikiri darasani kwake hakuna anayepiga kelele. "Ungeniambia lini?"

Fundi alitazama biskuti iliyovunjwa.

"Nakuuliza. Lini?"

"Nisingekuambia."

"Ahsante. Angalau hilo ni jibu."

Akanigeukia. "Na wewe, mdogo wangu. Anasema alikuuliza. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia tutaangalia. Nilikuwa najua jibu, dada. Niliona haya kulisema."

"Haya." Alilitafuna neno hilo. "Yeye kaona haya, wewe umeona haya. Mimi nimelazwa miguu juu mbele ya watu wanne, taa imenimulika, na hakuna aliyeniuliza kama naona haya."

Dokta aliingia wakati huo. Mzee Sindano alikuwa ameshamweleza. Hakumkemea mtu. Alivuta kiti, akamweleza Mwalimu kwamba hakuna anayemlazimisha: mayai yanaweza kugandishwa leo, akaenda nyumbani, akaamua mwezi ujao au mwaka ujao. Au wanaweza kujaribu leo na mbegu za mumewe, zikipatikana. Alimwambia pia ukweli kwamba yakigandishwa, mengine huenda yasiamke.

"Mwisho saa ngapi?"

"Saa tisa mchana, isizidi."

"Na sasa?"

"Saa sita na robo."

Mwalimu alifumba macho. Nilidhani dawa ya usingizi imemrudia. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, na nikajua anapiga hesabu, ila sijui ya nini.

"Toka," alimwambia mumewe.

Fundi aliinamisha kichwa, akaelekea mlangoni.

"Sijasema uende nyumbani. Nenda kwenye kile chumba chenu. Chenye kochi la plastiki."

Aligeuka. "Mwalimu, kile chumba mimi..."

"Watu wanapita wanaulizia choo. Najua. Na leo watapita." Alijifuta jicho kwa ncha ya shuka, kwa hasira, kama analolifuta ni la mtu mwingine. "Sijakusamehe. Tuelewane. Mayai tu ndiyo hayana kosa."

Fundi alipotoka, Mwalimu alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Tafuta zake. Ukikosa, gandisha. Usitie kitu kingine, na usinifichie kwa kunihurumia."

"Sawa, dada."

*

Fundi alikaa mle ndani dakika hamsini. Nesi, ambaye hana dogo, alilinda korido nzima na kumgeuza kila aliyepita. "Choo cha huku kimeharibika, zunguka kule." Fundi alipotoka alinikabidhi kikombe mwenyewe, mkononi. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

Wakati huo Mzee Sindano alikuwa ameyavua mayai yale seli zinazoyazunguka. Kati ya tisa, yaliyokomaa yalikuwa saba. Alisoma jina na namba, nikatazama, nikasema nimeona. Nikatia saini.

Nilikuwa na saa moja na nusu. Nilizisambaza mbegu katika matone madogo yaliyofunikwa kwa mafuta, matone ishirini na manne, nikaanza kona ya kwanza. Kutafuta mbegu kwenye sampuli kama ile ni kama kutafuta mtu unayemfahamu uwanjani watu wakiwa wameshaondoka. Kuna takataka, kuna seli zilizokufa, kuna mikia isiyo na vichwa. Shingo inauma, jicho linaanza kukuonyesha vitu visivyokuwapo. Tone la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Katika la tano kitu kilitikisika pembeni, nikakifuata, kilikuwa povu.

"Pumua, binti," Mzee Sindano alisema nyuma yangu.

Katika tone la saba niliiona. Ilikuwa inasogea kwa taabu, inapiga mkia upande mmoja, kama mwogeleaji aliyechoka. Kichwa chake hakikuwa cha pini.

"Ipo."

Niliivuta, nikaiweka kwenye tone safi. Ilinichukua mpaka saa nane na nusu kupata nyingine nne. Tano. Nilirudia matone yote, nikayarudia tena, hakukuwa na ya sita.

Tukabadilishana viti. Mzee Sindano ana miaka hamsini na tisa, akinywa chai kikombe humtetemeka, lakini mikono yake ikigusa zile sukani mbili za hadubini hutulia kana kwamba si yake. Bomba moja la kioo lililishika yai kwa kulinyonya taratibu. Kwa sindano aligusa mkia wa mbegu mpaka ikatulia, akaivuta ndani. Kisha akaisogeza kwenye yai. Ukuta wa yai ulibonyea, ukabonyea zaidi, kama utandu wa maziwa unaoguswa kwa kidole, halafu ukaachia. Sindano ilikuwa ndani. Akaiacha mbegu pale na kutoka polepole, na yai likajirudi lenyewe, duara kama mwanzo. Ukitazama huwezi kujua kwamba kuna aliyeingia.

Alifanya hivyo mara tano. Mayai mawili yaliyobaki tuliyagandisha, kama Mwalimu alivyoagiza.

Jioni niliwaona wakiondoka. Alitangulia Mwalimu, anatembea kwa uangalifu, mkono tumboni. Mumewe alimfuata hatua tatu nyuma amebeba mkoba wake. Walipofika kwenye ngazi alimnyooshea kiwiko amshike. Mwalimu alishika ukuta.

*

Asubuhi yake niliyatazama kwanza kabla ya kuvua hata kikoti changu cha mvua. Yai lililotunga huonyesha viduara viwili katikati, kimoja cha mama na kimoja cha baba, vimekaa bega kwa bega. Mawili kati ya yale matano hayakuwa na kitu. Matatu yalikuwa navyo.

Kupiga simu ni kazi ya nesi. Alikuwa ameshainua mkono wa simu nilipomwomba anipe. Alinitazama, akanipa, akaondoka bila utani wowote.

Mwalimu alipokea mlio wa kwanza haujaisha.

"Matatu," nilimwambia. "Kati ya matano."

Nilisikia ukurasa wa daftari ukifunuliwa. Kisha: "Ya kwetu?"

"Yenu. Mbegu nilizitafuta mwenyewe, nikazikabidhi mwenyewe."

"Sitini kwa mia," alisema, na sauti ikamkatikia kwenye hesabu. "Huyu kalala kochini. Kasema hatakula mpaka msikike. Sijui ananikomoa mimi au anajikomoa." "Ngoja. Mwambie mwenyewe. Mimi nimechoka kumwambia vitu."

Nilisikia miguu ikivuka sakafu, simu ikipokewa na mkono mwingine.

"Dada."

Nilimweleza. Nilimwambia kuhusu tone la saba, na ile moja iliyokuwa inapiga mkia upande. Sikutazama karatasi, wala sikuwa nayo.

"Yanaweza kufa?" aliuliza.

"Yanaweza. Kesho yanatakiwa yawe yamegawanyika, seli mbili au nne. Siku ya tano ndipo tutajua ni lipi la kurudishwa tumboni. Huenda likabaki moja. Huenda lisibaki hata moja."

"Na likirudishwa?"

"Siku kumi na nne, halafu kipimo cha damu. Mara nyingi zaidi majibu huwa hapana, kaka. Nataka ulijue hilo leo."

"Na yakifa yote kesho?"

"Nitakupigia mimi, asubuhi kama hivi, nikuambie kwamba yamekufa. Nitakuambia na sababu, kama ninaijua."

Hakushukuru. Aliusogeza mdomo mbali na simu, na nikamsikia anayarudia maneno yangu kwa mtu mwingine, moja moja, kwa sauti ya anayesoma barua: kesho seli mbili au nne, siku ya tano, siku kumi na nne. Sauti ya mwanamke ikamkatiza kutoka mbali, kali kidogo, ikimtaka arudie hapo kwenye siku ya tano, kwa sababu anaandika.